Ukiambiwa Utapigwa Bomba: Mwongozo kwa Mgonjwa wa Mombasa na Anayemuuguza

Daktari akishasema "utapigwa bomba", wagonjwa wengi huinamisha uso na kunyamaza. Hawaulizi ni bomba la nini wala litachukua muda gani. Hawasemi kwamba wana bawasiri, au kwamba wanameza dawa za presha. Wanatikisa kichwa tu na kungoja yaishe. Nimeuguza wodini hapa Mombasa, na naamini kwa dhati kwamba kimya hicho ndicho kinachowatesa watu kuliko bomba lenyewe. Enema, kama tunavyoiita hospitalini, ni kazi ya dakika chache, na ikifanywa kwa sababu ya kweli, kwa dawa inayofaa na kwa mkono usio na haraka, watu wengi huimaliza salama. Lakini muuguzi haoni kilichomo tumboni mwako. Anategemea ulimi wako. Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa kufuata mambo ya kuuliza na ya kusema, tangu unapoambiwa hadi unaporudi nyumbani.

Kwanza ujue unapigiwa nini

Kupiga bomba ni kuingiza maji au dawa ndani ya puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, kupitia njia ya haja kubwa. Hutumiwa mpira mwembamba uliounganishwa na mfuko wa maji, au chupa ndogo ya plastiki yenye mdomo mrefu. Maji yakiingia hulainisha choo kilichokauka, na pia hutanua utumbo hadi uanze kusukuma wenyewe. Chupa ndogo ya fosfati hufanya kazi tofauti kidogo: chumvi iliyomo huvuta maji ya mwilini mwako yaingie utumboni. Ndiyo maana kichupa kidogo namna ile kinaweza kukutoa mbio.

Sababu za kupigwa bomba si moja. Lipo la kusafisha, ambalo hupewa mtu aliyefunga choo siku nyingi na dawa za kunywa zimeshindwa, au anayekwenda kupimwa puru na sehemu ya chini ya utumbo kwa kamera, au anayeandaliwa kwa upasuaji wa aina fulani. Lipo la mafuta, la kulainisha choo kigumu, ambalo hukaa ndani nusu saa, saa moja, au zaidi ya hapo. Lipo la dawa ya kutibu: mwenye uvimbe na vidonda vya utumbo mpana anaweza kupewa mesalazini au dawa ya jamii ya steroidi kwa njia hii, mara nyingi wakati wa kulala, na mgonjwa wa ini aliyeanza kuchanganyikiwa anaweza kupewa laktulosi ili amonia, ile sumu inayomchanganya akili, ipungue mwilini. Halafu lipo la picha, la bariamu, ambalo nitalieleza mbele.

Swali la kwanza basi liwe hili: "Sista, hili nilitoe au nilizuie?" La kusafisha unatakiwa ulitoe baada ya dakika chache. La dawa unatakiwa ulizuie kadiri uwezavyo, maana ukilikimbiza chooni mara moja, dawa imepotea na tumbo halijapata kitu. Nimeona mgonjwa akijilaumu kwa kushindwa kuzuia bomba la kusafisha, na mwingine akikimbia kutoa dawa iliyotakiwa ilale naye usiku kucha. Wote wawili hawakuwa wameambiwa.

Na ukitakiwa kupimwa utumbo mpana wote kwa kamera, bomba peke yake halitoshi. Utapewa dawa ya kunywa ya kuendesha tumbo, na utahitaji kukaa karibu na choo kwa saa kadhaa.

Hatua ya kwanza: sema yote kabla hujalala kitandani

Yapo mambo yanayoweza kuligeuza bomba la kawaida likawa hatari, na mengi kati yake hayaonekani kwa macho. Mwambie muuguzi au daktari ikiwa umewahi kupasuliwa tumbo au sehemu ya nyuma, hasa karibuni. Sema kama una bawasiri inayouma au inayotoka damu, au mchaniko kwenye njia ya haja kubwa. Sema kama una ugonjwa wa moyo au wa figo, kama una mimba, kama uko kwenye dawa za saratani zinazoshusha chembe nyeupe za damu, na kama mpira wa glavu hukuwasha ngozi.

Dawa unazomeza zitaje kwa majina, au beba vifuko vyake vyote. Kwa chupa ya fosfati tunajali sana dawa za kukojoza, baadhi ya dawa za presha, na dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, kwa sababu zote hizo hugusa figo. Mzee anayemeza tembe ya presha asubuhi na diklofenaki ya magoti jioni ndiye hasa ninayemzungumzia hapa, na huyo yuko karibu kila nyumba.

Kuna hali ambazo bomba halifai kabisa hadi daktari akuchunguze: tumbo limejaa na kukaza, unatapika, na hata upepo hautoki. Hiyo huenda ikawa dalili kwamba utumbo umeziba. Vilevile maumivu makali yaliyotulia upande wa chini kulia, pamoja na homa, huenda ni kidole tumbo. Ukisukuma maji kwenye utumbo wa namna hiyo unaweza kuupasua. Kwa hivyo usikubali mtu yeyote, hata awe jirani mwenye nia njema, akwambie kila tumbo lililojaa dawa yake ni kusafishwa.

Una haki ya kuelezwa kabla hujakubali, na una haki ya kukataa. Hayo yamo katika Mkataba wa Haki za Wagonjwa wa Kenya wa 2013 na katika Sheria ya Afya ya 2017. Kuuliza si ukaidi.

Hatua ya pili: matayarisho ya mwili na ya sitara

Kojoa kwanza. Kibofu kikiwa kimejaa, bomba litakubana mara mbili. Kama ni bomba la kawaida la kusafisha huna haja ya kufunga kula, ila ukiwa unakwenda picha au upasuaji fuata maagizo uliyopewa.

Vaa nguo isiyo na kazi kuivua. Dera au kikoi kinatosha, na kwa akina mama ninashauri leso mbili: moja ya kujifunika juu ya shuka la hospitali, nyingine ya kujifunga ukielekea msalani. Beba nguo ya ndani ya kubadilisha, taulo ndogo na sabuni. Uliza choo kiko wapi na kama maji yapo. Sote tunaijua shida ya maji ya mji huu. Ukikuta mifereji imekauka, afadhali uwe na ndoo imejazwa na kopo lake mapema kuliko kuanza kutafuta wakati tumbo linakusukuma.

Kuhusu sitara, omba bila kuona haya. Pazia lifungwe. Ufunikwe mwili wote isipokuwa pale panapohitajika. Mwanamke anaweza kuomba muuguzi mwanamke, na mwanamume akaomba mwanamume. Zamu nyingine huwa haiwezekani, na hapo unaweza kuomba awepo mtu wa kusimama nawe. Muuguzi aliyefundishwa vyema hatakasirika.

Kama umetoka mbali, tuseme unakwenda Makadara kwenye hospitali kuu ya Pwani nawe unaishi Likoni, panga siku yako ukijua kwamba utakaa. Usipange kupanda feri nusu saa baada ya bomba. Tumbo linaweza kurudi kukuita mara mbili au tatu, na ndani ya feri hakuna pa kukimbilia. Beba kitambulisho, na uulize mapema kama huduma hiyo inalipiwa na SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024.

Hatua ya tatu: kitandani

Hapa ndipo watu huogopa, kwa hivyo nitakwenda taratibu.

Utaambiwa ulale kwa ubavu wa kushoto, miguu umeikunja, goti la kulia limesogea zaidi kuelekea kifuani. Mlalo huo una sababu yake: sehemu ya utumbo mpana inayoingia kwenye puru iko upande wa kushoto, na ukilala hivyo maji huteremka yenyewe bila kulazimishwa. Chini yako hutandikwa plastiki na kitambaa. Kikimwagika kitu, kimemwagika. Ndiyo kazi ya kile kitambaa, wala huna haja ya kuomba radhi.

Muuguzi atanawa na kuvaa glavu. Kama ni mfuko, maji yawe ya uvuguvugu wa mwili, nyuzi 37 hadi 40 hivi. Ya moto huunguza utando wa ndani, ya baridi husokota tumbo. Kwa mtu mzima huwa kati ya mililita 500 na 1,000, na mara nyingi ni maji ya chumvi ya hospitali, kwa kuwa maji matupu yakiingizwa mengi hunywewa na mwili na kushusha kiwango cha chumvi katika damu. Atayaacha maji kidogo yapite mpirani kwanza ili hewa itoke, kisha ataipaka ncha jeli ya kulainisha. Ukiona ncha haijapakwa chochote, sema.

Atakapoinua kalio la juu utahisi baridi ya jeli. Hapo vuta pumzi, kisha itoe polepole kwa mdomo. Ncha huingizwa wakati unatoa pumzi, kwa sababu misuli ya pale hulegea. Mtu akibana pumzi na kukaza, mlango nao hukaza, na ndipo husikia maumivu. Ncha huelekezwa upande wa kitovu na huingia sentimita 7 hadi 10 kwa mtu mzima, si zaidi ya hapo. Haitakiwi kuuma. Utasikia kujaa, kama mtu anayetaka choo, na hilo ni la kawaida. Maumivu makali ya kuchoma si ya kawaida, na mpira ukigoma kupita haulazimishwi.

Mfuko huwekwa juu kidogo ya nyonga, sentimita 30 hadi 45. Ukipandishwa juu sana maji huingia kwa nguvu na tumbo husokota. Nakumbuka bi mmoja mtu mzima aliyelala kimya kabisa, uso ameuelekeza ukutani, leso ameiuma kwa meno. Mimi nimeshika mfuko, naona maji yanashuka vizuri, sina habari. Vidole vyake tu vilivyokuwa vimekamata chuma cha kitanda hadi vikawa vyeupe ndivyo vilivyonishtua. Nikabana mpira mara moja. "Bi mkubwa, kwani linakusokota?" Akajibu kwa sauti ndogo, "Tangu mwanzo, mwanangu, lakini niliona haya kukusumbua." Tulingoja dakika moja, akapumua, tukaendelea mfuko ukiwa chini zaidi, na safari hii hakuhitaji kuiuma leso.

Kwa hiyo likikusokota sema "sista, ngoja". Neno hilo linatosha. Atabana mpira au ataushusha mfuko, na msokoto hupita. Na ukihisi kizunguzungu, jasho la baridi, moyo kwenda vibaya au kifua kubana, sema papo hapo, bomba lisimamishwe. Puru ina mishipa ya fahamu inayoweza kuushusha mwendo wa moyo ikitanuliwa ghafla. Mtu aliyeumia uti wa mgongo na hana hisia chini ya kifua awe macho zaidi: kichwa kikianza kugonga ghafla na jasho kumtoka usoni, presha yake huenda imepanda mno. Mpira utolewe, akalishwe wima, daktari aitwe.

Hatua ya nne: kuzuia, kisha kutoa

Bomba la kusafisha la mfuko huzuiwa dakika 5 hadi 15 ukiweza. Bana makalio, pumua kwa mdomo, wala usisimame haraka. La fosfati huwa halina subira: kwa kawaida kati ya dakika 1 na 5 tayari linataka kutoka. Ukishindwa kuzuia usijione dhaifu. Mwite muuguzi akuletee chombo cha haja kitandani au akushike mkono hadi msalani, hasa kama una umri mkubwa. Watu wengi huanguka pale, kati ya kitanda na choo, na nyonga iliyovunjika ni balaa kubwa kuliko shuka chafu.

Usimwage maji kabla muuguzi hajaona kilichotoka. Anatazama wingi, ugumu, damu na rangi. Kama daktari ameagiza "hadi maji yatoke safi", huwa hatupiti mabomba matatu mfululizo bila kumrudia kuuliza.

Likitoka maji matupu bila choo, au lisitoke kitu kabisa, mwambie. Kwa bomba la fosfati hasa, dawa ikikaa zaidi ya nusu saa bila kutoka ni lazima daktari ajue, kwani mwili unaendelea kuifyonza.

Bomba la picha

Bariamu ni uji mweupe unaoonekana kwenye eksrei. Siku hizi kamera na picha za CT zimechukua sehemu kubwa ya kazi yake, ila bado unaweza kuandikiwa. Utakula vyakula laini au vya maji tu siku moja au zaidi kabla, na utapewa dawa ya kuharisha. Mezani utawekewa mpira, bariamu itaingizwa, pengine na hewa, na utageuzwa huku na huku. Mwanamke mwenye mimba, au anayeshuku, aseme kabla ya mashine kuwashwa. Ukirudi nyumbani utapata choo cheupe siku mbili tatu. Kunywa maji kwa wingi, kwa sababu bariamu ikibaki hukauka na kukufunga.

Ukiagizwa ujipige mwenyewe nyumbani

Nasema ukiagizwa. Nunua kwenye duka la dawa lenye leseni, onyesha cheti cha daktari, na usome kama chupa ni ya mtu mzima au ya mtoto. Tazama tarehe ya mwisho. Kisha:

1. Chagua saa ambayo choo hakina foleni. Kwa nyumba za kupanga zenye msala mmoja hili ni muhimu, nawe ongea na wenzako.
2. Lala ubavu wa kushoto juu ya taulo, magoti umekunja.
3. Toa kifuniko. Kama ncha haijapakwa mafuta, ipake jeli.
4. Ingiza taratibu ukitoa pumzi. Ikigoma, acha. Usilazimishe.
5. Minya chupa polepole hadi dawa iliyokusudiwa iingie. Kubakia kidogo ndani ya chupa ni kawaida.
6. Toa ncha ukiwa bado umeiminya chupa, ili isinyonye dawa kuirudisha.
7. Baki umelala hadi ushikwe vizuri na haja, kisha nenda chooni.

Moja tu kwa saa 24. Ikishindwa usiongeze ya pili kwa hasira, mpigie aliyekuandikia. Mwezi wa Januari 2014 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo kwamba kuzidisha dawa hizi za fosfati kunaweza kudhuru figo na moyo, hata kuua. Walio hatarini zaidi ni watoto wadogo, watu waliopita miaka 55, waliopungukiwa na maji mwilini, wenye ugonjwa wa figo, na wenye utumbo ulioziba au uliovimba. Mtoto wa chini ya miaka 2 hapewi bomba la fosfati kabisa.

Usijaribu kutengeneza maji ya bomba kutoka kisimani. Maji ya visima vyetu mengi yana chumvi ya bahari ambayo huwezi kuipima kwa ulimi, na visima vingi vimechimbwa karibu na mashimo ya vyoo. Ya mkokoteni nayo hujui yametekwa wapi. Wala usitie sabuni ya kufulia, ndimu, magadi, kahawa au dawa ya mitishamba. Bomba la kahawa linatangazwa sana mitandaoni kuwa linatoa sumu; limewahi kuunguza matumbo ya watu, kuwatia maambukizi na kuvuruga chumvi za miili yao. Ini na figo zako zinatoa sumu kila saa bila kupigiwa bomba.

Kama umeandikiwa vidonge vya gliserini vya kuingiza nyuma, joto letu huviyeyusha. Viweke mahali pa baridi, na kikilegea kitie kwenye maji baridi kikiwa bado na ganda lake hadi kigande.

Mwezi wa Ramadhani

Swali hili huulizwa sana, na mara nyingi huulizwa kwa kunong'ona, baada ya bomba kwisha. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, wanasema kuingiza kitu kwa njia ya nyuma hubatilisha saumu. Wapo wanazuoni wengine waliosema haibatilishi. Muulize sheikh wako kabla, nawe muulize daktari: "Hili linaweza kungoja hadi usiku?" Mara nyingi linaweza, na baada ya futari utakuwa pia umepata maji mwilini. Kama haliwezi kungoja, mgonjwa amepewa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Usikatae matibabu ya dharura kwa kuogopa kuuliza. Na ukipigwa bomba ukiwa umefunga na hujanywa kitu tangu daku, mwambie muuguzi, maana mwili uliokauka huumizwa haraka na dawa ya fosfati.

Watoto

Hapa nitakuwa mkali. Usimpige mtoto bomba kwa shauri la mtu asiye mtaalamu. Kile kimpira cha kuminya kinachotiwa majani yaliyochemshwa kimewaharibia watoto wachanga utumbo na figo. Utumbo wa mtoto ni mwembamba, na kiasi kinachoonekana kidogo mkononi mwako ni kingi kwake.

Zipo nyakati bomba humwokoa mtoto, ila hospitalini tu. Mtoto wa miezi kadhaa anayelia kwa vipindi, akikunja miguu tumboni, akatulia kidogo kisha akaanza tena, anayetapika, na ambaye baadaye anatoa choo chenye damu na ute, huenda sehemu ya utumbo wake imejipenyeza ndani ya nyingine. Mkimbize hospitali usiku huohuo. Akifika mapema, madaktari wanaweza kuurudisha utumbo mahali pake kwa kuingiza hewa au maji kwa nyuma wakitazama kwenye mashine, bila kumpasua. Akicheleweshwa kwa kusuguliwa mafuta tumboni, kisu huenda kisikwepeke.

Wazee wanaovuja maji

Babu hajapata choo wiki nzima, kisha ghafla anatoa maji maji yanayochafua nguo. Nyumba nzima inasema anaendesha, ananunuliwa dawa ya kufunga tumbo. Mara nyingi hajaanza kuendesha. Choo kimegandamana ndani ya puru, na maji ya juu yanapenya pembeni. Dawa ya kufunga humzidishia. Huyu anahitaji kuchunguzwa kwa kidole, kulainishwa kwa bomba la mafuta, na pengine choo hicho kutolewa kwa mkono na mtu aliyefunzwa. Mweleze daktari mtiririko wote: lini alipata choo cha mwisho cha kawaida, na lini maji yalianza.

Wajawazito

Ile desturi ya kumpiga bomba kila mama anayeingia chumba cha kuzalia imepitwa na wakati. Shirika la Afya Duniani halipendekezi bomba kama njia ya kuuharakisha uchungu. Ukitakiwa, uliza sababu, na unaweza kukataa.

Baada ya bomba

Pumzika. Tumbo litanguruma na upepo utatoka, na huenda usipate choo siku inayofuata kwa kuwa hakuna kilichobaki. Usikimbilie bomba jingine. Jioshe kwa maji, jikaushe kwa kupapasa bila kusugua, na upake vaselini kidogo kama pamekereka. Kunywa maji. Madafu ni mazuri kwa watu wengi, lakini mwenye ugonjwa wa figo asiyanywe bila ruhusa, kwa kuwa yana potasiamu nyingi.

Kisha shughulikia kilichokufikisha hapo. Vidonge vya kuongeza damu, dawa za maumivu zenye kodeini, miraa na muguka, kazi ya juani bila maji ya kunywa, na kujizuia choo kwa sababu cha kazini kichafu, vyote hufunga. Papai, embe, mbaazi, kunde na mchicha viko soko la Kongowea mwaka karibu mzima na bei yake haishindi ya dawa. Keti chooni baada ya chai ya asubuhi, wakati utumbo umeamshwa na chakula, na kama unatumia choo cha kukalia weka miguu juu ya kibao kifupi. Anayehitaji bomba kila wiki anahitaji daktari amtafutie sababu. Na mtu aliyefika umri wa miaka 45 au zaidi, ambaye choo chake kimebadilika kwa wiki kadhaa, au kina damu, au anapungua mwili bila kutaka, asijifiche nyuma ya mabomba; aombe kupimwa utumbo.

Rudi hospitali bila kungoja asubuhi

Tumbo likiuma sana na kukaza, homa ikipanda, damu ikitoka zaidi ya alama kwenye karatasi, ukitapika, ukizimia au kuchanganyikiwa, mkojo ukipungua mno, moyo ukienda mbio au kwa kurukaruka, usisubiri. Panda chochote kinachopatikana, tuktuk au teksi, wala usiende peke yako. Chukua chupa uliyotumia hata kama ni tupu, pamoja na dawa zako zote. Ukifika mapokezi, usiseme tu "tumbo linaniuma". Sema: "Nimepigwa bomba," taja saa, taja ni la nini, taja ulitumia chupa ngapi, na useme kama lilitoka au bado liko ndani.